Kibati cha Mota: Safari ya Wanagenzi kutoka Ngamiani hadi Maporomoko ya Pangani

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurudi nyumbani, kwa kuunganisha daftari langu, picha chache za simu na kumbukumbu za wanagenzi saba niliosafiri nao, ambao hawakukubaliana kila mara juu ya kilichosemwa na nani. Chanzo chake ni mota ya pampu ya kisima cha karakana yetu hapa mtaa wa Ngamiani, Tanga, iliyoungua mwishoni mwa Julai. Nilipoifungua ili tuanze kuisuka upya, niling'oa kibati chake nikakiweka mezani na kuwauliza vijana kila namba iliyochorwa pale ina maana gani: kilovati 7.5, volti 400, ampea 15, hezi 50 (mawimbi ya umeme kwa sekunde), pawa fakta 0.84 (uwiano wa nguvu inayofanya kazi na ile inayovutwa), mizunguko 1,440 kwa dakika. Walizisoma zote bila kukosea, na kanuni walizikariri vizuri, lakini nilipouliza kwa nini 1,440 na si 1,400 au 1,500 kamili, na ni nani huko juu aliyeamua kwamba hezi ziwe 50, chumba kizima kilinyamaza. Hapo ndipo nilipoamua kwamba kibati kile tukitie mfukoni na kuufuata umeme wake nyumanyuma, kutoka kwenye soketi hadi mtoni.

Siku ya kwanza: Jumatatu, 4 Agosti. Ngamiani

Hatukupanda gari siku hiyo. Tulitembea kwa miguu, tukianzia kwenye ubao wa swichi wa karakana na kufuata nyaya hadi kwenye transfoma iliyosimamishwa juu ya nguzo mbili, barabara ya tatu kutoka kwetu. Mama mmoja anayeuza mihogo ya kuchoma mbele ya nyumba yake alituona tumesimama juani na madaftari, akatuuliza kama tumekuja kukata umeme wa mtu. Alipofahamu kwamba tunasoma tu, alitukaribisha kwenye baraza lake, akaleta mkeka, na darasa la kwanza likafanyika pale, huku sahani ya mihogo ya Sh. 2,000 ikizunguka.

Transfoma haina kinachozunguka ndani yake, na hiyo ndiyo sababu mwanafunzi huiona nyepesi hadi atakapotakiwa kuieleza. Koili mbili zimezungushwa kwenye kiini kimoja cha bati za chuma zilizopangwa pamoja. Mkondo unaobadilika katika koili ya kwanza huzaa sumaku inayobadilika katika kiini, na sumaku hiyo huzaa volteji katika koili ya pili, jambo ambalo Michael Faraday alilionyesha mwaka 1831. Uwiano wa idadi ya mizunguko ya waya ndio uwiano wa volteji, na ndivyo volti 11,000 za laini ya mtaani zinavyoshuka hadi 400. Nilimwomba kila mmoja afumbe macho asikilize mngurumo. Ule si mngurumo wa hezi 50, kwa kuwa chuma hujinyoosha na kujikunja kidogo kila sumaku inapofikia kilele, na kilele hufikiwa mara mbili katika kila mzunguko wa umeme, kwa hiyo tulichokisikia ni mitetemo 100 kwa sekunde.

Swali la mwenye nyumba lilikuwa bora kuliko yangu yote. Aliuliza mbona nyumbani kwake mita inasema 230 ilhali sisi tunataja 400, je, jirani anapewa zaidi? Kijana mmoja alimjibu kwa vijiti vitatu alivyovipanga mchangani vikikutana katikati. Kila kijiti ni fezi, mahali vinapokutana ni nyutro, na kutoka ncha ya kijiti hadi katikati ni volti 230, bali kutoka ncha moja hadi nyingine ni 400, yaani 230 mara mzizi wa mraba wa 3, ambao ni karibu 1.73. Nyumba yake imepewa njia moja, karakana yetu imepewa njia tatu. Nikaongeza jambo ambalo kila mwanagenzi wa umeme anapaswa kulijua kabla hajapanda ngazi, kwamba nyutro ikikatika huku fezi zikiwa hai, katikati ya vijiti huhama, nyumba yenye mzigo mdogo hupokea volti nyingi kupita kiasi na friji yake huungua, wakati taa za jirani zinafifia. Mama yule alisema kwamba taa za jirani yake zimekuwa zikifanya hivyo tangu Ijumaa. Tulimsisitizia apige simu ya dharura siku ileile, na wala tusingegusa chochote, kwa sababu laini ya mtaani si mali ya kufanyia mazoezi.

Siku ya pili: Jumanne, 5 Agosti. Kange, Muheza, Hale

Tulifika stendi ya Kange saa 12 asubuhi, tukapata kosta iliyoondoka saa 2 kasorobo baada ya kujaa. Nauli hadi Hale ilikuwa Sh. 4,000 kwa kila mmoja. Pongwe ilipita tukiwa nusu usingizini. Muheza gari lilisimama kwa muda wa kutosha kununua machungwa, kumi kwa Sh. 1,000 yakiwa yamekwisha kumenywa, na kuanzia hapo mashamba ya mkonge yalitufuata pande zote mbili za barabara.

Kwa watakaofuata njia hii: wiki ya Nane Nane magari hujaa mapema, na Hale si mji mkubwa, kwa hiyo chumba kitafuteni kwa simu kabla ya kuondoka. Sisi tulilipa Sh. 20,000 kwa chumba cha watu wawili. Binti pekee katika kundi letu angelala peke yake upande wa nje wa uwanja, na mwenye nyumba ya wageni, mama wa makamo, hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Alimchukua akalale kwake pamoja na binti zake kwa siku zote mbili, na nilipotoa pesa alinirudishia mkono.

Mchana tulikwenda kwenye kiwanda cha kuchakata mkonge cha shamba moja la jirani, ambako msimamizi alikuwa ametukubalia kuona korona ikiwashwa. Korona ndiyo mashine inayokwangua jani la mkonge hadi zibaki nyuzi, na ngoma zake nzito zinahitaji mota yenye misuli. Fundi wa pale, mzee aliyevaa ovaroli iliyopauka, alituamuru tutazame taa ya ukuta na si mashine. Alipobonyeza kitufe, taa ilififia kwa sekunde kadhaa, kontakta (swichi za sumaku za mota) zikalia mara ya pili, mwangaza ukarudi.

"Mmeona?" akasema. "Mota ikiwa imesimama ina njaa. Inakula mara sita, mara saba ya chakula chake cha kawaida."

Maelezo ya kitabuni ya jambo hilo ni haya. Katika stata, yaani sehemu ya mota isiyozunguka, fezi tatu zinazopishana huunda uga wa sumaku unaozunguka, fikra ambayo Galileo Ferraris na Nikola Tesla waliitangaza kila mmoja kwa njia yake mwaka 1888, na muda mfupi baadaye Mikhail Dolivo-Dobrovolsky akaitengenezea rota, yaani sehemu inayozunguka, ya vyuma vilivyofungwa kama kizimba, ambayo ndiyo iliyomo katika mota nyingi hadi leo. Kasi ya uga ni 120 mara hezi, gawanya kwa idadi ya ncha za sumaku. Kwa hezi 50 na ncha nne, inakuwa 1,500 kwa dakika. Rota haiguswi na waya wowote. Hupata mkondo wake kwa sababu uga unaipita, na kama ingeufikia uga na kwenda nao sawasawa, isingepitwa tena, mkondo ungekufa na nguvu ingekwisha. Ni lazima ibaki nyuma kidogo. Hiyo 1,440 ya kibati chetu ni 1,500 kutoa 60, yaani kuteleza kwa asilimia 4. Mota iliyosimama inateleza kwa asilimia 100, na njaa aliyoitaja mzee ndiyo hiyo.

Kontakta zilizolia mara mbili ni za sta-delta. Mwanzoni koili hufungwa kwa sta, zikikutana katikati kama vile vijiti vya mchangani, ili mkondo unaovutwa kutoka kwenye laini uwe theluthi moja ya ule ambao ungevutwa kwa delta, yaani koili zikiungana kama pembetatu, kisha mashine ikishika kasi hubadilishwa. Mzee alitukumbusha kilichosahauliwa na wengi, kwamba nguvu ya kusokota nayo hushuka hadi theluthi, ndiyo maana korona huwashwa tupu, na anayetia majani kabla ya mlio wa pili atanusa moshi. Nilimwonyesha kibati chetu. Alikigeuza, akauliza mota iliungua koili zote au baadhi. Nikamwambia kwamba seti mbili zilikuwa nyeusi na ya tatu ilikuwa nzima. Akakirudisha akisema kwamba fyuzi moja ilikatika na mota ikaendelea kuvuta kwa njia mbili. Hilo nililijua, ila nilifurahi kwamba vijana wamelisikia kutoka kwa mtu ambaye hakuiona hata mota yenyewe. Mota ya ampea 15 ikipoteza fezi moja ikiwa na mzigo wake wote, mkondo katika nyaya zilizobaki hupanda karibu mara 1.7, zaidi ya ampea 25, na kinga yetu, kifaa cha kukata umeme mkondo unapozidi, ilikuwa imefungwa kwa kiwango cha juu kuliko hicho. Aliyeifunga ni mimi.

Siku ya tatu: Jumatano, 6 Agosti. Kituo cha Hale

Barua ya kibali cha kuingia kituo hiki cha umeme wa maji tulikuwa tumeiomba kabla ya safari. Getini mlinzi aliisoma polepole, akahesabu majina, akatuhesabu sisi, akahesabu tena. Majina yalikuwa saba na watu wanane. Jina nililolisahau lilikuwa langu. Tulikaa chini ya mwembe kwa saa mbili hadi uthibitisho ulipofika, na sina lawama yoyote kwa mlinzi yule, kwani ndivyo mahali kama pale panavyopaswa kulindwa. Andikeni majina yote, ya mwalimu pia, vaeni viatu vya kufunika vidole, na simu ziacheni getini kwa sababu picha haziruhusiwi. Yote ninayoyaeleza hapa yametoka kwenye daftari nililoliandika jioni.

Kituo cha Hale kilianza kazi mwaka 1964, kikiwa na mitambo miwili ya megawati 10.5, jumla 21. Maji yake ni ya Mto Pangani, yanayotoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, hupitia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako kuna kituo kingine cha megawati 8, kisha hufika hapa, na baada ya hapa hufanya kazi mara ya tatu katika Maporomoko ya Pangani. Maji yaleyale yanalipa nauli mara tatu.

Ukisimama karibu na jenereta inayozalisha, unachokihisi kwanza ni sakafu. Mhandisi wa zamu aliyetuongoza alianza na tofauti kati ya mtambo wake na mota yetu. Rota ya jenereta yake hupewa mkondo wa moja kwa moja ili iwe sumaku kamili, na kwa hiyo haitelezi, bali huenda na uga hatua kwa hatua. Turbini ya maji, yaani gurudumu linalozungushwa na maji, huenda taratibu ikilinganishwa na ya mvuke, hivyo rota yake hubeba ncha nyingi. Nikawauliza vijana, mtambo ukizunguka mara 300 kwa dakika na tukitaka hezi 50, ncha ni ngapi? Binti alijibu 20 kabla sijamaliza swali.

Hapo nilifanya kosa la pili la siku. Nikawaeleza kwamba mwendeshaji akitaka kuongeza hezi hufungua maji zaidi, turbini ikakimbia. Mhandisi alisubiri nimalize, kwa adabu, kisha akanisahihisha mbele ya wanafunzi wangu. Maelezo yangu, alisema, yangekuwa kweli kama kituo kingekuwa peke yake kisiwani. Mtambo uliofungwa kwenye gridi, yaani mtandao wa taifa wa laini za umeme, umeshikamana na mitambo mingine yote ya mtandao huo, pamoja na ile 9 ya megawati 235 kila mmoja katika Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, na megawati 10.5 haziwezi kuivuta gridi nzima. Akifungua maji, rota husogea mbele kwa pembe ndogo tu na kuanza kusukuma nguvu zaidi, huku kasi ikibaki ileile. Masafa ya gridi, yaani hezi zake, hupanda au kushuka pale uzalishaji wa vituo vyote unapozidi au kupungukiwa na matumizi ya wote, na kazi ya gavana, yaani vidhibiti kasi vya mitambo, ni kuurudisha usawa huo. Kwa hiyo hezi 50 za kibati chetu haziamuliwi na mtu mmoja. Miaka kumi na moja nimekuwa nikifundisha vinginevyo.

Alitueleza pia masharti manne ya kuunganisha jenereta na gridi: volteji ziwe sawa, masafa yawe sawa, fezi zifuatane kwa mpangilio uleule, na mawimbi yakutane kilele kwa kilele wakati swichi inafungwa. Anayekosea sharti la mwisho hupata kishindo kinachoweza kupinda shafti, na hakuna anayetaka kusimulia namna alivyokipata.

Nje, kwenye uwanja wa transfoma, tuliona volteji ikipandishwa hadi kilovolti 132, na laini zikiondoka, ya Tanga upande wetu, nyingine zikielekea Chalinze na Kilimanjaro. Mwanagenzi mdogo kuliko wote aliuliza kwa nini tuipandishe kisha tuishushe tena Ngamiani, si ni kazi mara mbili? Tulifanya hesabu ukutani kwa chaki. Megawati 10 kwa volti 400 zinahitaji zaidi ya ampea 14,000 katika kila waya, lakini kwa kilovolti 132 zinahitaji ampea kama 44. Upotevu wa joto katika waya hukua kwa mraba wa mkondo, hivyo mkondo ukipungua mara kumi, upotevu hupungua mara mia. Jambo hilo lilithibitishwa mbele ya umma mwaka 1891, umeme wa njia tatu ulipopelekwa kilomita 175 kutoka Lauffen hadi Frankfurt huko Ujerumani.

Chakula cha jioni kilikuwa wali, maharage na mchicha kwa Sh. 2,500. Nililala mapema.

Siku ya nne: Alhamisi, 7 Agosti. Maporomoko ya Pangani, na njiani kurudi

Bodaboda zilitupeleka na kuturudisha kwa Sh. 6,000 kila mmoja, njia ya vumbi jekundu. Hatukuwa na kibali cha kuingia ndani ya kituo, kwa hiyo tulitazama kwa nje tu. Kituo cha kwanza mahali hapa kilijengwa miaka ya 1930, na kipya, chenye mitambo miwili ya megawati 34, kilianza kazi mwaka 1995 na nyumba yake ya mitambo imechimbwa chini ya ardhi. Juu hakuna makubwa ya kuonekana, na vijana wawili walinung'unika waziwazi.

Ili siku isipotee, tulikaa kwenye mwamba tukakokotoa. Tufanye kwamba mita za ujazo 45 za maji zinaanguka kimo cha mita 170 kila sekunde. Uzito wa mita moja ya ujazo ni kilo 1,000, zidisha kwa 9.81, kwa 45 na kwa 170, unapata wati milioni 75, na ukiruhusu mtambo kupoteza sehemu ya kumi, zinabaki kama megawati 67.5. Walipolinganisha na 68 ya kituo kilicho chini ya miguu yao, manung'uniko yalikwisha.

Kosta ya kurudi ilikuwa imejaa watu wa sikukuu, na kati ya Muheza na Pongwe, jua likiwa limezama, taa zake zilianza kufifia hadi dereva akakataa kuendelea. Betri ilikuwa haichajiwi. Konda alitaka tusubiri gari lingine ambalo lingekuja sijui saa ngapi. Wanagenzi wangu walimwomba dereva ruhusa ya kuitazama oltaneta, naye, kwa kukosa la kufanya, akakubali. Oltaneta ya gari ni ndugu mdogo wa jenereta ya Hale: rota iliyo sumaku kwa mkondo wa moja kwa moja, stata ya njia tatu, na nje yake daiodi sita zinazougeuza umeme uwe wa kuchaji betri. Mkondo wa rota hupitia vipande viwili vya kaboni, na kimoja kilikuwa kimelika hadi mwisho. Kijana wa bodaboda aliyesimama kutushangaa alikwenda nyumbani kwao akarudi na kaboni za mashine mbovu ya kusagia vyuma, kubwa kupita kipimo, zikasuguliwa kwenye saruji ya kalvati hadi zikaingia. Taa ziliwaka. Kijana alikataa pesa, akapokea machungwa yaliyobaki. Tulifika Kange saa 4 usiku.

Kwa wanaopanga bajeti: nauli Sh. 8,000, malazi 20,000, bodaboda 6,000 na chakula kama 24,000, jumla Sh. 58,000 kwa kila mwanagenzi.

Jumamosi, 9 Agosti. Karakana

Ijumaa ilikuwa Nane Nane na kila mtu alilala. Jumamosi tulimaliza kusuka koili za mwisho, tukaikausha, tukapima ukinzani wa kihami kinachotenga nyaya, tukafunga kinga kwa ampea 15 na kifaa cha kukata umeme fezi moja inapokosekana. Ikiwa tupu, mota ilikimbia 1,492. Tulipofungua maji ya pampu ilishuka hadi 1,446, mita ikasoma ampea 13.8. Binti alirudisha kibati mahali pake kwa skrubu tatu, ya nne ilipotea mahali fulani kati ya Hale na Ngamiani.